Uliza Fundi wa Miti: Tawi juu ya mabati, pawa iliyonoki na vidato vya mnazi

Kusi likianza kutia nguvu, barua za miti huongezeka, na safari hii zote nne tulizochagua zimetoka Malindi na kando yake. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa sababu alama ya kosa inalolieleza ingali inaonekana kwenye miembe mingi ya mitaani.

*Nyuma ya nyumba yangu pana mwembe mkubwa. Mwaka jana nilimwita kijana akate tawi moja. Kabla hajamaliza likapasuka, likachuna ganda la shina mpaka chini, na sasa pale pameanza kuoza. Limebaki tawi jingine, unene wa ndoo ya lita 20, limelala juu ya mabati ya jikoni. Nimwambie nini fundi atakayekuja?* – Mama wa Muyeye

Mama, pole kwa mwembe wako. Yule kijana alikata kwa mkato mmoja, kutoka juu kwenda chini. Msumeno ukiwa bado katikati, uzito wa tawi huwa umeshaishinda mbao iliyobaki. Tawi huinama, na nyuzi za upande wa chini ambazo hazijakatwa huondoka na ganda la shina.

Dawa yake ni mikato mitatu. Wa kwanza hukatwa kutoka chini, sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye shina, na uingie robo tu ya unene. Ukizidi hapo, tawi hulikalia baa la msumeno (kile chuma bapa kinachobeba mnyororo) likabanwa. Wa pili hutoka juu, sentimita 3 hadi 5 mbele ya ule wa kwanza, upande wa nchani. Tawi likivunjika, mpasuko hukimbilia mkato wa chini na kuishia hapo. Linabaki gutu jepesi, na hilo ndilo la mkato wa tatu.

Mkato huo wa tatu ndio unaoamua kama mti utapona. Tazama pale tawi linapotokea: pana uvimbe uliokunjamana kama ukosi wa shati. Ndani ya uvimbe huo ndimo mti hutengeneza ganda jipya la kufunga jeraha, kwa hiyo msumeno upite nje yake kidogo. Ukikata sawasawa na shina umeuondoa uvimbe wote. Ukiacha gutu kama kigingi, gutu hufa na kuoza, na uozo ukaingia shinani. Asipake rangi, lami wala oili chafu. Hufungia unyevu ndani. Pale palipochunwa mwaka jana, ganda lililolegea likatwe kwa kisu kikali mpaka kwenye ganda zima linaloshika, kisha paachwe. Wala asichimbe mbao iliyooza, maana humo mti umeshajijengea ukuta wake, naye atautoboa.

Sasa uzito, na hapo wengi hukosea. Mti mbichi umejaa maji. Ukikadiria kilo 1,000 kwa kila mita ya ujazo hutakuwa mbali. Kipande cha unene wa sentimita 30 na urefu wa mita 1 ni kama kilo 70. Mita 3 ni zaidi ya kilo 200, bila majani. Jiko lako halitastahimili hilo. Tawi lishuke vipande vipande kuanzia nchani, kila kipande kwa kamba. Kapi lifungwe kwenye panda iliyo juu ya pale panapokatwa, ili kipande kikikatika kining'inie tu. Kikianguka mita moja ndipo kamba ikidake, kamba huvutwa kwa nguvu ya mara kadhaa ya uzito wake. Panda yenyewe hubeba kama mara mbili ya kipande, kwa kuwa huvutwa na kipande upande mmoja na mtu wa chini upande wa pili, kwa hiyo isiwe kijiti. Yule wa chini aizungushe kamba mara tatu kwenye shina, ailegeze pole pole kama mabaharia wanavyoshusha foromali, ule mti wa tanga, na asiifunge mkononi hata kidogo.

Kamba iwe ya poliesta, milimita 12 au zaidi. Ile ya plastiki ya buluu wanayotumia wavuvi tunaomba ibaki baharini. Jua huila, na ikisuguana na gome kwa kasi huyeyuka. Isugue kwa kiganja: ikiacha unga, imekwisha. Fundo nalo hupunguza nguvu ya kamba, wakati mwingine hadi nusu, kwa hiyo kamba "inayotosha kabisa" dukani huwa haitoshi mtini.

Kabla ya kuzungumza bei, muulize fundi anajifunga wapi anapokata, na nani atakaa chini. Jibu la kwanza ni mahali pawili: kamba ya kupandia iliyopita kwenye panda nene juu yake, na mkanda mfupi kuzunguka shina, ili msumeno ukikata kimoja abaki na kingine. La pili ni mtu mmoja asiye na kazi nyingine. Wa juu huita "Chini!" na hakati mpaka ajibiwe. Watoto na kuku wahamishwe. Kivuli cha tawi lile kinawapendeza.

Wakati mzuri ni baada ya mavuno, na asiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka mmoja. Avae mikono mirefu na miwani, kwani utomvu wa mwembe huchoma ngozi na macho. Ukimrukia, aoshe mara moja kwa maji na sabuni. Machoni ni maji matupu, mengi.

*Pawa yangu, yaani msumeno wa injini, imenoki mara mbili mwaka huu. Oili naweka ile ya mashine za boti, nakisia kwa macho. Siku hizi mnyororo unatoa unga badala ya vipande, tena unavuta kulia. Nikiwa kwenye ngazi naishika kwa mkono mmoja, mwingine nashika tawi. Kosa liko wapi?* – Fundi, Maweni

Kaka, makosa ni matatu, na la mwisho ndilo lililotunyima raha tulipokusoma.

Kwanza oili. Mashine ya boti hupozwa kwa maji ya bahari. Pawa hupozwa kwa hewa tu, na silinda yake huwaka zaidi. Oili iliyotengenezwa kwa joto la boti haiwezi kazi hiyo. Nunua ya tu-stroki kwa injini zinazopozwa kwa hewa, na oili ya bodaboda usiiguse. Kipimo fuata kitabu cha mashine. Palipoandikwa 50:1, ni mililita 20 kwa lita moja ya petroli, au mililita 100 kwa galoni ya lita 5. Kukisia kwa macho ndiko kunakonokisha. Sirinji ya mililita 20 kutoka duka la dawa itakumalizia shida hiyo. Tikisa galoni kabla ya kumimina, na mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi kwenye joto la huku usiutumie. Filta ya hewa ikung'ute kila jioni, maana mchanga wetu ni laini na hupenya.

Pili, mnyororo. Unga maana yake meno yamekufa. Kuvuta upande mmoja maana yake meno ya kulia na ya kushoto hayalingani. Tupa iwe ya duara na ya kipimo chake: mnyororo wa inchi 0.325 huchukua tupa ya milimita 4.8, na ule mwembamba wa 3/8 wa pawa nyepesi huchukua ya milimita 4. Shika pembe ya digrii 30, sukuma kwenda mbele tu, na kila jino lipate idadi ileile: tatu kwa tatu. Anza na jino lililo fupi kuliko yote, mengine yafuate urefu wake. Vile vinundu vilivyo mbele ya meno navyo hupunguzwa, kwa tupa bapa, baada ya kunoa mara nne au tano, vibaki chini ya jino kwa milimita 0.65. Ukivipunguza kupita hapo, pawa itakuwa inarukaruka. Ukikata minazi utanoa mara nyingi zaidi, kwani mbao ya nje ya mnazi hula meno. Kujua kama oili ya mnyororo inafika, elekeza ncha ya baa kwenye kipande cha boksi, umbali wa sentimita 20, kisha kanyagia moto. Mstari wa matone usipoonekana, tundu limeziba kwa unga.

Tatu, ule mkono mmoja. Robo ya juu ya ncha ya baa ikigusa mbao, mnyororo hushindwa kuingia na baa zima huruka juu na nyuma, kuelekea uso na shingo. Hufanyika kabla jicho halijapepesa. Kinachokuokoa ni mikono miwili, kidole gumba cha kushoto kikiwa kimezunguka mpini wa mbele, ili baa likiruka kiwiko kikaze na mkono usukume breki ya mnyororo. Kwa mkono mmoja hakuna wa kuisukuma. Na ngazi si mahali pa pawa: tawi likikatika, lililobaki huinuka kwa kuwa limepunguziwa mzigo, na ngazi iliyoliegemea hukosa pa kushika. Panda kwa kamba, au tumia msumeno wa mkono. Tawi la sentimita 8 msumeno mzuri wa mkono hulimaliza kwa dakika moja. Kwa pawa, juu ya mabega usikate kabisa.

*Matawi ya mwarobaini wetu yamegusa waya za stima kutoka nguzoni. Kijana anasema tuzime mita tu, atayaondoa.* – Msomaji, Shela ya Malindi

Asipande. Swichi ya mita huzima nyaya za ndani ya nyumba. Ule waya utokao nguzoni mpaka ukutani bado una moto. Tawi bichi hupitisha umeme, na panga lenye mpini wa mbao halikingi kitu, hasa asubuhi penye umande. Piga 97771, nambari ya dharura ya Kenya Power, waje wazime au wakate wenyewe. Kwa nyaya za juu za msongo mkubwa, mtu, kamba na tawi linaloanguka vyote vikae zaidi ya mita 3.

*Mimi ni mkwezi. Hoteli zinataka nivae mkanda, na zinataka nikate makuti mabichi mti uonekane nadhifu. Tena wananiambia nichonge vidato ili nipande haraka.* – Mkwezi, Kakuyuni

Kwenye mkanda, ndugu yetu, hoteli zina haki. Lakini mkanda wa kuzungushia shina tu hautoshi: shina la mnazi ni laini, ukiteleza mkanda nao huteleza mpaka chini. Ongeza kamba ya pili yenye kitanzi kinachojikaza, uikaze shinani chini ya kilele kabla hujatoa panga. Usijifunge kwenye kuti, hata likiwa la kijani, maana kuti hung'oka. Mkanda wenye waya wa chuma ndani ni bora, kwa kuwa panga haliukati kwa pigo moja.

Vidato kataa. Mnazi hauna ganda la kufunga jeraha kama mwembe; kidato cha leo kitakuwapo miaka 30, maji yakituama, wadudu wakitaga humo. Makuti mabichi nayo yaache. Mnazi hutoa kuti moja jipya kama kwa mwezi, na yale yaliyosimama ndiyo yanayoulisha na kuubeba. Ondoa yaliyokauka na yaliyoning'inia chini ya usawa wa mkono ulionyoshwa. Kinachowatisha wageni wa hoteli ni nazi, na nazi ikianguka kutoka mita 15 hufika chini kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa. Pendekeza ziara kila miezi mitatu, ukishusha mikungu ingali madafu. Nazi huchukua karibu mwaka kukauka, kwa hiyo hakuna itakayowahi kuanguka.

Gonga shina kabla ya kupanda, usikilize kama nyuki wapo. Panda asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaanza kuvuma. Na muulize meneja kama bima ya majeruhi kazini, ile ya sheria ya mwaka 2007, inakuhesabu wewe, au inawahesabu wale wa jikoni na wa ofisini tu. Uliza ukiwa bado chini.