Kidole gumba kinanilaza barabarani: je, maharage niliyaacha bure?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 48, nakaa Malaba upande wa Uganda, na napeleka mizigo Kampala, mara nyingine hadi Mbarara. Mwaka huu kidole gumba cha mguu wa kulia kimenilaza mara nne. Huanza usiku wa manane, na kukikucha kimevimba, kinang'aa, kina moto, wala kiatu hakiingii. Duka la dawa hunichoma sindano ya diklofenaki, baada ya siku tatu naendesha tena. Kliniki moja ilinipima asidi ya uriki siku ileile ya maumivu, ikawa 6.4, wakasema hilo si jongo. Nyingine ikasema ni jongo lenyewe, wakanipa alopurinoli. Wiki ya pili maumivu yakarudi makali kuliko mwanzo, nikaitupa. Nimeacha nyama na maharage. Presha natumia haidroklorothiazaidi. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mimi ni mfamasia, si daktari, lakini wanaume wanaoingia famasini wamevaa kiatu mguu mmoja na kandambili mwingine nawaona kila mwezi, na kisa chako nakijua. Kwa maelezo yako, hili lina kila dalili ya jongo. Kosa ni kwamba kila mara umetibiwa maumivu, halafu chanzo chake kikaachwa palepale.

Tuanze na ile 6.4, kwa sababu ndiyo iliyokupoteza njia. Jongo linapopamba moto, kiwango cha asidi ya uriki (taka ya mwili inayotolewa na figo) kwenye damu huweza kushuka kwa muda. Kupima siku hiyo peke yake hakutoshi kulikanusha. Rudia kipimo wiki mbili hadi nne baada ya mguu kutulia, na umwombe mtu wa maabara akupime kreatinini pia ili tujue hali ya figo.

Sasa, kwa nini kidole gumba, na kwa nini usiku? Weka sukari nyingi kwenye chai ya moto, inayeyuka yote. Iache ipoe, utaikuta nyingine imekaa chini ya kikombe. Asidi ya uriki ndiyo hivyo: ikipita takriban miligramu 6.8 kwa desilita, damu haiwezi tena kuiyeyusha yote, nayo hujitengeneza chembe zenye ncha kama sindano. Ncha za miguu ndizo zenye ubaridi kuliko sehemu nyingine za mwili, na usiku ubaridi unazidi. Kinga ya mwili ikizikuta chembe hizo kwenye kiungo, huzivamia, na hapo ndipo hata uzito wa shuka unakuwa adhabu.

Alopurinoli uliyoitupa, dawa ya kushusha asidi ya uriki, haikuwa sumu. Ukifagia banda ambalo halijafagiwa miaka mingi, vumbi hutimka kwanza. Asidi inapoanza kushuka kwenye damu, zile chembe zilizojikusanya kwenye viungo nazo huanza kulegea, na jongo linaamka. Waliokupa dawa walipaswa kukueleza hivyo, tena wakupe dawa ya kukukinga kipindi hicho. Sikulaumu kwa kuitupa. Mimi mwenyewe nisingeimeza dawa inayonizidishia maumivu bila mtu kuniambia kwa nini.

Safari hii iende hivi, chini ya daktari aliyeona kreatinini yako. Anza na miligramu 100 kwa siku, si 300 kwa mkupuo. Figo zikiwa dhaifu, 50. Kila baada ya wiki nne hivi unapimwa, na dozi inapanda kidogo kidogo hadi asidi ikae chini ya 6. Wengi huishia 300, wengine zaidi, na hilo si ajabu. Kwa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo unameza pia kolkisini ya miligramu 0.5, mara moja au mbili kwa siku, kuzuia lile vumbi. Jongo likiamka ukiwa tayari kwenye alopurinoli, usiiache. Tibu maumivu na uendelee nayo. Kitu kimoja tu ndicho kinachokuruhusu kuiacha papo hapo bila kuuliza mtu: vipele au ngozi kubadilika, vidonda mdomoni, macho kuwa mekundu. Hapo acha na uende hospitali siku hiyohiyo. Ni nadra, lakini likitokea ni la hatari.

Kuhusu sindano za diklofenaki, nakuomba uzipunguze. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, hupandisha presha na kuumiza figo, na ukizichanganya na dawa ya presha inayokojoza kama yako, figo zinabeba mzigo mara mbili. Kolkisini itakufaa zaidi kama figo ni nzima, mradi uianze mapema, ndani ya saa 12 za mwanzo: vidonge viwili vya 0.5, saa moja baadaye kimoja, basi kwa siku hiyo. Kesho yake kimoja asubuhi na kimoja jioni hadi mguu utulie. Usizidishe ukidhani utapona haraka. Utaharisha, na dereva aliyekwama kwenye foleni ya malori pale mpakani anajua hiyo ni balaa ya aina gani. Usiichanganye na klarithromaisini, ile dawa ya kuua bakteria. Kama kolkisini haikufai, daktari anaweza kukuandikia prednisoloni ya miligramu 30 kwa siku tano, lakini pima sukari kwanza. Weka dozi yako kwenye lori. Maumivu hayasubiri ufike nyumbani.

Kisha kuna hiyo haidroklorothiazaidi. Inazuia figo kutoa asidi ya uriki, na huenda ndiyo inayokuchongea. Usiiache mwenyewe, presha ni presha. Mwulize daktari kama anaweza kukubadilishia losatani, ambayo husaidia figo kuitoa asidi hiyo kwenye mkojo, au amlodipini.

Chakula nakiweka nyuma kwa makusudi, maana watu hukiweka mbele wakasahau dawa. Asidi nyingi ya uriki hutengenezwa na mwili wenyewe, na kwa wagonjwa wengi shida ni figo kutoitoa. Ukijinyima kila kitu, kipimo kinashuka kidogo tu. Vinavyostahili kupunguzwa ni maini, figo, matumbo, mukene (dagaa) na nyama nyingi kwa mlo mmoja. Ukifika Namawojjolo, kwa wauza nyama choma wa kando ya barabara, simama, sitakuzuia, ila chukua mshikaki mmoja na gonja (ndizi ya kuchoma), si mishikaki mitano. Bia ndiyo mbaya kuliko pombe zote kwa jongo, na malwa, pombe ya ulezi, ni bia hata ikinywewa kwa mrija. Waragi, ile pombe kali, nayo haikuokoi. Soda za sukari hupandisha asidi pia, na madereva huzinywa kama maji. Maziwa yanasaidia. Kahawa pia, hiyo tunayoilima na kuwauzia wengine.

Halafu maji. Najua madereva hawanywi maji ili wasisimame njiani kila saa. Mwili ukikauka, asidi inazidi kukolea kwenye damu. Chupa ya lita moja na nusu iishe kabla ya Jinja, nyingine kabla hujashusha mzigo Kampala.

Siku homa ikipanda pamoja na kiungo kuvimba, hasa goti, au ukatetemeka kwa baridi, usije kwangu wala duka la dawa. Nenda kituo cha afya cha daraja la nne au hospitali usiku huohuo, kwa sababu usaha ndani ya kiungo hufanana sana na jongo, na huharibu kiungo kwa siku chache.

Maharage kula. Yana purini, kitu ambacho mwili hukigeuza asidi ya uriki, lakini hayaonekani kuongeza jongo kama nyama na mukene. Mwambie mama watoto achemshe leo.