Mafuta ya Chipsi Ndani ya Injini ya Dizeli

SWALI: Ndugu Mhariri, nina mashine ya kusaga posho hapa Bombo inayoendeshwa kwa injini ya dizeli. Kwa sababu ya bei ya dizeli, nimekuwa nikinunua mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi na samaki, nikiyachuja kwa kitambaa na kuyachanganya nusu kwa nusu na dizeli. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, lakini sasa injini inasumbua kuwaka asubuhi, inafuka moshi mwingi, na oili yake imekuwa nzito. Je, niendelee?
Msagaji, Bombo

JIBU: Ndugu msagaji, tafadhali acha leo, wala usiiwashe tena kabla ya kumwaga oili hiyo. Ni kweli kwamba injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, lakini kuwaka maonyeshoni ni jambo moja na kusaga kutwa ni jingine.

Chanzo ni mnato, yaani ugumu wa mafuta kutiririka. Mafuta ya kupikia ni mazito kuliko dizeli takriban mara 10, hivyo nozeli (kifaa kinachopulizia mafuta ndani ya silinda), badala ya kuyapuliza kama ukungu, huyatoa kwa matone makubwa yasiyoungua yote. Mabaki hugeuka masizi magumu kwenye ncha ya nozeli na kwenye ringi za pistoni, zile pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda. Ringi zikikwama, mafuta hayo ya kupikia hupenya hadi kwenye oili, na humo, kwa joto, hushikana na kuifanya nzito, nawe wajua oili nzito haifiki kwenye beringi inavyopaswa. Tena kitambaa huzuia makombo tu: maji na asidi zilizotokana na kukaanga hupita na kuila pampu.

Mafuta hayo hufaa yakigeuzwa kuwa biodizeli (dizeli itokanayo na mafuta ya mimea) kwa methanoli, ambayo ni aina ya alkoholi, na kostiki soda, kisha gliserini, yaani zao la pembeni la kazi hiyo, ikatengwa, kisha yakaoshwa na kukaushwa. Biodizeli iliyofikia kiwango cha ubora huvumiliwa na injini nyingi ikichanganywa hadi asilimia 20, ingawa mwanzoni huyeyusha uchafu wa zamani wa tangi na kuziba filta. Nakusihi usijaribu kuitengenezea nyumbani, kwa maana methanoli ni sumu inayopofusha, na mwali wake hauonekani vizuri mchana.

Kwa sasa weka oili na filta mpya, kisha fundi apime nozeli na kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa ndani ya silinda. Kompresheni ikiwa chini, afungue injini aziangalie ringi kabla hujasaga tena.