Maranta yako ikinyanyua majani usiku, usiimwagilie

Jamani kama una maranta au kalathea ndani, ile mimea ya mapambo yenye majani ya michoro, na kila ikifika jioni unakuta majani yamenyanyuka yamefungana kama mikono ya mtu anayeomba dua, tafadhali weka chini hilo kopo la maji. Mmea hauna kiu, unalala tu.

Mi sikujua, na ndo nilivyoipoteza maranta yangu ya kwanza. Kila jioni nikiona majani yamesimama naingiwa huruma, namwagilia, asubuhi nayakuta yametandaa vizuri nasema si unaona maji yamesaidia, kumbe yangeshuka tu hata nisingegusa kitu. Baadaye majani ya chini yakaanza kuwa njano, nikazidisha maji nikidhani hayatoshi, hadi siku nilipoing'oa nikakuta mizizi imekuwa kahawia, ukiibana ganda linachubuka linabaki mkononi, na harufu ya dimbwi. Niliumia kwa kweli.

Hebu angalia pale kikonyo kinapokutana na jani, kuna kisehemu kimevimba kama kifundo cha kidole. Humo ndani maji yanahama, seli za upande mmoja zinajaa za upande wa pili zinanywea, basi jani linapanda, asubuhi yanarudi linashuka. Familia nzima ya Marantaceae, ndo ukoo wa maranta na kalathea, inacho hicho kifundo, na kinafuata mwanga pamoja na saa ya mmea wenyewe.

Kiu ya kweli utaiona mchana. Jani linajiviringa kwa urefu kama mkeka, na ukichomeka kidole kwenye udongo unakuta pakavu. Hapo ndo umwagilie mpaka maji yatoke chini ya chungu, afu yale ya kwenye sahani uyamwage. Hii mimea inaweka akiba chini ya udongo, baadhi ina hadi viazi vidogo kwenye mizizi, na ndugu yao mmoja, Maranta arundinacea, ndo huyo mashina yake ya chini yanakwanguliwa yanachujwa kwenye maji tunapata unga wa uwanga. Kwa hiyo ukichelewa siku mbili tatu mmea utakusamehe, ukizidisha maji unaoza.

Ncha za majani zikikauka zikawa kahawia, mara nyingi shida ni maji ya bomba yenye chumvi na dawa nyingi, au hewa kavu. Mi nilihamia maji ya mvua na majani mapya yakatoka safi, yale ya zamani hayaponi hivyo usiyasubiri. Jua kali nalo linafifisha ile michoro, weka penye mwanga ila miale isiupige. Na geuza majani uyafute chini mara kwa mara, utitiri unapenda kujificha huko.

Niliyonayo sasa nimeshaigawa mara mbili nilipobadilisha chungu, unaitenganisha taratibu kwa vidole, kila kipande kibaki na mizizi yake na majani kadhaa, afu unakiweka kivulini hadi kishike. Baada ya muda utaona jani jipya linachomoza limejiviringa kabisa, hilo sio kiu, na usilisaidie kufunguka kwa mkono maana mi nililichana moja hivyohivyo, liache lifunguke lenyewe.