Namba ngeni kwenye ramani ya bonde la Ruvu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natengeneza ramani ya hatari ya mmomonyoko wa udongo katika bonde la mto Ruvu kwa GRASS GIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani. Nimeingiza mwinuko wa SRTM (data ya urefu wa ardhi) wenye pikseli za mita 30 na ramani ya WorldCover (aina za ufuniko wa ardhi) yenye pikseli za mita 10, zote kwa amri ya r.import, na zote nimechagua bilinear, njia ya kukokotoa upya thamani za pikseli, kwa kuwa picha hutoka laini. Sasa WorldCover ina namba kama 37.4 na 61.2 ambazo hazimo kwenye orodha ya madaraja yake, yaani aina zake za ardhi. Nikizikadiria ziwe namba nzima, itatosha?

JIBU: Marahaba. Haitatosha. Futa tabaka hilo uliingize upya.

Namba za WorldCover ni majina tu yaliyovaa tarakimu: 10 ni miti, 30 nyasi, 40 mashamba, 50 majengo, 80 maji ya kudumu, 95 mikoko. Bilinear huchukua pikseli nne za jirani na kutoa wastani wenye uzito. Pale msitu unapopakana na nyumba, katikati ya 10 na 50 ni 30, na programu imeshakuoteshea nyasi ukingoni mwa kijiji! Hiyo 30 ndiyo ya kuogopa, maana imo kwenye orodha na hutaishtukia. 37.4 angalau imejitangaza.

Kwa madaraja, acha resample=nearest, inayochukua thamani ya pikseli iliyo karibu zaidi bila wastani, na ambayo ndiyo chaguo-msingi la r.import. Faili za WorldCover huja kwa nyuzi za longitudo na latitudo, na kama mradi wako uko kwenye mfumo wa mita wa UTM, kanda 37 kusini (EPSG:32737), ukubwa wa pikseli utakadiriwa na programu na utapata desimali za ajabu. Andika mwenyewe resolution=value resolution_value=10. Weka pia extent=region baada ya kufunga eneo kwenye bonde lako; kigae kimoja (faili moja) cha nyuzi 3 kwa 3 kina pikseli 36,000 kwa 36,000, na kompyuta ya mwanafunzi naijua.

SRTM ni kinyume chake. Hapo bilinear uliyochagua ni sahihi, na cubic, njia nyingine ya kulainisha, pia inafaa. Mwinuko ukiingizwa kwa nearest huonekana salama, lakini ukikokotoa mteremko, michirizi iliyonyooka kama matuta ya shamba hujitokeza milima ya Uluguru yote.

Sasa kuzilinganisha. Wengi hujikwaa hapa: r.mapcalc, amri ya kufanya hesabu kati ya ramani, haitazami ukubwa wa pikseli za ramani zako, inatazama eneo la kazi lililowekwa na g.region. Tofauti ikiwepo, inachagua upya thamani za pikseli kwa nearest kimyakimya, bila onyo. Eneo likiwa la mita 30, pikseli tisa za WorldCover zinawakilishwa na moja tu, na vijito vyembamba au vipande vya mikoko ya mdomo wa Ruvu vinabaki au kutoweka kwa bahati. Afadhali uamue mwenyewe:

g.region raster=mwinuko -p
r.resamp.stats input=wc10 output=wc30 method=mode

Modi huipa kila pikseli ya mita 30 daraja linalojitokeza mara nyingi zaidi ndani yake. Ukitaka kujua ni sehemu gani ya kila pikseli ya mita 30 ni mashamba, tengeneza kwanza ramani ya 0 na 1 ya daraja 40 ukiwa kwenye mita 10, kisha ipandishe hadi mita 30 kwa method=average. Kwa mmomonyoko mimi ningetumia njia hii ya pili.

Mvua je? Ukileta CHIRPS, data ya mvua, pikseli yake ni nyuzi 0.05, kama kilomita 5.5. Kuishusha hadi mita 30 kwa r.resamp.interp kutalainisha mipaka ya pikseli, lakini hakuongezi hata tone moja la taarifa, kwa hiyo usije ukaandika kwenye ripoti kwamba una mvua ya mita 30. Kabla ya hapo endesha r.info -r. Ukiona kiwango cha chini ni -9999, hiyo ni bahari, haijatangazwa kuwa tupu. Iondoe kwa r.null setnull=-9999, la sivyo Bagamoyo itapata mvua hasi.