Kabla ya kusifu mwendo, pima uzito

Siku nilipompelekea fundi wa Kariobangi Light Industries, Nairobi, kipande cha povu la alumini, alikirusharusha mkononi akacheka. "Kijana, hii ni chuma ama ni mkate?" Hakuwa mbali. Povu la aina hii hupatikana kwa kutia unga wa hidraidi ya titani kwenye alumini iliyoyeyuka. Unga hutoa gesi, alumini huumuka, na ikiganda, karibu sehemu tisa kati ya kumi ni gesi.

Nilitaka kujua: panchi (kipande cha chuma kama nguzo fupi yenye uso bapa) ikididimizwa humo polepole, kisha ikidondoshwa kwa kasi, povu hugoma zaidi lini? Mashine ilisukuma milimita 3 kwa dakika. Uzito niliouangusha kutoka mita 1 ulifika ukienda takriban mita 4.4 kwa sekunde. Vipande vya kasi vilionyesha nguvu kubwa zaidi. Nikachora grafu, nikaanza kuandika kwa mbwembwe, hadi msimamizi wangu aliponiuliza, "Ulivipima uzito?"

Sikuwa nimepima. Vile vya kasi nilivikata upande wa chini wa bamba la povu, ambako alumini huchuruzika kabla ya kuganda, kwa hiyo vilikuwa vizito zaidi. Na povu lina hila hiyo: msongamano ukipanda asilimia 10, nguvu hupanda asilimia 15 au hata zaidi. Miezi miwili ya kazi, na mizani ilikuwa mezani muda wote!

Basi pima kila kipande, uchanganye vyepesi na vizito katika kila mwendo.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi kulielewa. Pasua kipande baada ya kukibonyeza: chini ya panchi vijumba, yaani vile vitundu vya gesi, vimelaliana kama magunia, lakini pembeni kidogo tu viko salama salimini. Alama iko ukingoni, ambako kuta zimechanika. Nguvu unayoisoma ni mbili, basi: ya kuponda, inayofuata eneo la panchi, na ya kuchana, inayofuata mzingo wake. Panchi ndogo ina mzingo mwingi kwa eneo lake, ndiyo maana hukupa shinikizo kubwa hata mwendo usipobadilika. Tumia panchi mbili au tatu kwa kila mwendo. Gawanya nguvu kwa eneo, chora matokeo dhidi ya moja juu ya kipenyo. Mstari unapokata mhimili wa wima ndiyo ya kuponda, na mwinamo unakupa ya kuchana. Hapo ndipo utajua mwendo umeongeza ipi. Ila panchi isiwe ndogo mno. Vijumba vikiwa na milimita 4, panchi ya 10 inakanyaga viwili vitatu tu kwa upana na namba zitarukaruka.

Kuhusu kwa nini mwendo huongeza nguvu, usikimbilie gesi iliyonaswa peke yake. Alumini yenyewe haijali sana mwendo, lakini kuta zinapokunjwa ghafla inesha yake, yaani ukaidi wake wa kuanza kusogea, huchelewesha mkunjo. Mawimbi ya mshtuko huja panchi ikienda makumi ya mita kwa sekunde, si ya uzito ulioangushwa kutoka mita moja.

Na kabla ya kuachia huo uzito, kagua kompyuta. Mdidimio wote huisha kwa milisekunde chache. Mara ya kwanza yetu ilirekodi mara 10 kwa sekunde, nikapata faili lenye sifuri tupu, ikabidi nirudie jaribio.