Ukitaka gari kubwa la zamani la Kimarekani, nunua bodi, si injini

Nikisifia magari makubwa ya Kimarekani, watu hudhani nazungumzia Cadillac ya 1959, ile yenye mapezi marefu nyuma. Ni nzuri, sibishi, ila bei yake si ya mtu anayeishi kwa mshahara. Mimi hapa Ohio, Marekani, naendesha Buick Electra 225 ya 1975, milango minne, na ningekushauri uelekee hukohuko, kwenye sedani za miaka ya 70 ambazo hazigombewi.

Hiyo 225 ilianza 1959 na ilikuwa urefu wa gari kwa inchi. La 1975 limepita hapo, linakaribia mita sita. Halafu bei ya mafuta ilishapanda baada ya vikwazo vya mafuta vya Waarabu vya Oktoba 1973, na General Motors, kampuni mama ya Buick, ikapunguza ukubwa wa magari yake makubwa kuanzia matoleo ya 1977. Electra ikapoteza karibu futi nzima. Kwa hiyo ukitaka la kabla ya 1977, pima gereji kabla ya kulipa. Nyingi huku zina kina cha futi 20: gari litaingia, wewe utapita kiubavuubavu, na mashine ya kufulia itabidi ihame.

Wanunuzi wengi hufungua boneti kwanza. Mimi huanza chini. V8 ya lita 7.5 haina siri kwa fundi yeyote mzee wa Marekani, na spea zake bado zinapatikana. Bodi iliyooza ndiyo itakayokufilisi, hasa huku kwetu ambako barabara humwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu kila msimu wa baridi, nayo huleta kutu. Inua zulia la buti uone sakafu. Lala chini ugonge chesisi kwa bisibisi. Funga sumaku kwenye kitambaa laini uipitishe juu ya matairi na chini ya milango; isiponata, hapo kuna puti, si bati. Paa lililovikwa vinaili liogope zaidi: maji hujificha chini yake, na kutu huanzia pembeni mwa kioo cha nyuma bila mtu kujua. Vile vipande vya plastiki kati ya bampa na bodi usivihesabu kabisa, umri wake umekwisha, vinavunjika kama biskuti.

Afadhali ulipe lori likuletee gari kavu kutoka Arizona, jimbo la jangwa, kuliko kununua la jirani lililopakwa rangi mpya. Rangi mpya kwenye gari la miaka 50 hunitia wasiwasi.

Mafuta? Lita moja hunipeleka kilomita nne na ushei. Ndiyo starehe yenyewe hiyo, na si gari la kwendea kazini kila siku. Faida ya matoleo ya 1975 ni kwamba yalitengenezwa kwa petroli isiyo na risasi, hivyo valvu hazisumbui kwa mafuta ya leo. Ila petroli ya siku hizi huchanganywa na ethanoli, nayo hula mipira ya zamani. Badilisha mipira yote ya mafuta kabla ya safari ndefu, maana ikivuja, inavuja karibu na injini ya moto.

Na ukienda kuliona gari, mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike. Kabureta mbovu na betri iliyochoka hujionyesha injini ikiwa baridi. Gusa boneti kwanza. Ukiikuta ina moto, muulize alikuwa anaenda wapi.