Nimonia ya mtoto: mwili hauzoei dawa

Tangu mvua zianze, barua zenu karibu zote zinahusu vifua vya watoto. Nimechagua tano.

Mwanangu ana mwaka na miezi minne, kilo 11. Alianzishiwa amoksilini ya nimonia, siku ya pili bado ana homa. Muuza dawa anasema mwili umeshaizoea, nichukue Augmentin ndiyo kali. (Mama wa Tabata)

Mwili hauzoei dawa, mama. Anayekuwa sugu ni bakteria. Mtoto ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja anaweza kuambukizwa bakteria sugu na kaka yake, maana nimokoka, kinara wa nimonia, hukaa puani mwa watoto wazima kabisa bila kuwadhuru.

Hiyo Augmentin ni amoksilini ileile, imeongezewa asidi ya klavulaniki. Klavulaniki huzuia kimeng'enya ambacho baadhi ya bakteria hukitoa ili kuivunja dawa. Nimokoka hana kimeng'enya hicho! Ujanja wake ni mwingine: hubadilisha zile protini ambazo dawa huzinasa, kama mwenye nyumba aliyebadilisha kitasa. Mara nyingi kinachomweza ni amoksilini ya kutosha, kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, angalia dozi. Kwa mwongozo wa WHO, mtoto wa kilo 10 hadi 13 hupewa vidonge viwili vya miligramu 250 vya kuyeyusha, asubuhi na jioni. Kama umekuwa ukimpa kimoja, umepata jibu.

Tena homa ya siku ya pili si ushahidi wa usugu. Huenda ni virusi, malaria, pumu, TB, au maji yaliyojaa kifuani, na hayo hayajulikani dukani. Mrudishe alikoandikiwa dawa, na kama anapumua kwa shida kuliko jana, nenda sasa hivi.

Nitatofautishaje nimonia na mafua? (Baba wa Morogoro)

Mfunue fulana akiwa ametulia, uhesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, watoto hawapumui kwa mpangilio. Wa miezi 2 hadi chini ya mwaka, 50 au zaidi ni nyingi. Wa mwaka hadi mitano, 40. Mchanga wa chini ya miezi miwili akifika 60, usingoje kupambazuke. Vivyo hivyo mtoto yeyote ambaye sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea.

Nimelea wanangu sita kwa Septrini. Leo zahanati wamekataa kumpa mjukuu. (Bibi wa Tanga)

Shikamoo bibi. Hawakukosea. Bakteria wengi wa nimonia wameishinda Septrini, ndiyo maana WHO ikaiweka amoksilini mbele yake. Septrini haijafa: watoto waliozaliwa na mama wenye VVU bado hupewa kama kinga.

Watoto wangu wawili walikuwa wanakohoa, nikawagawia chupa moja ya dawa ya maji. Kuna ubaya? (Mama wa Dodoma)

Upo, na nimeuona kwa macho. Kuna mama aliniletea kwenye dirisha la dawa chupa ya namna hiyo, imebaki robo. Nilipoigeuza, unga wa dawa ulikuwa umeganda chini kama uji uliolala. Haikutikiswa hata mara moja, na kijiko kilikuwa cha chai cha nyumbani. Wale watoto walikuwa wakinywa maji matamu yenye harufu ya matunda. Dozi nusunusu huua bakteria dhaifu na kuwaacha sugu wabaki na nafasi yote. Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya jambo hilohilo alipopokea Nobel mwaka 1945. Na huyo wa pili, je, alikuwa na nimonia kweli? Kikohozi cha mafua hakihitaji antibayotiki, iwe nusu au nzima.

Chanjo inasaidia kwa bakteria sugu? (Kwa simu)

Sana. Chanjo ya nimokoka hutolewa Tanzania tangu 2013, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ilitengenezwa ikilenga aina kadhaa ambazo ndizo zilizokuwa sugu zaidi. Kama amekosa ya tatu, mpeleke na kadi yake ya kliniki. Hawaanzi upya, wanaendelea pale alipoishia.